Posa ya Peckham

Thornton Heath, London
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepata nafuu sasa kwa vile baridi ya Wundanyi imepungua. Sisi huku hatujambo. Wajukuu wanakusalimu, kwa Kiingereza kama kawaida yao, nami nimechoka kuwakemea.

Ulinituma Peckham kwa wazazi wa Armelle nikaanze mazungumzo ya posa, kwa kuwa ndugu yangu Tevin na mchumba wake huyo wako Ohio nawe uko mbali. Nilikwenda jana na Irene wa kanisani, maana ulinionya nisiende peke yangu kama mchuuzi. Leso ulizowatumia zilipendwa. Mama Armelle alijifunga yake papo hapo, juu ya gauni. Mzee Anselme alituandalia sombe, kisamvu cha kwao Bukavu, na samaki, na hakuturuhusu kutaja lililotuleta mpaka sahani zikawa tupu.

Lakini kwanza nikueleze habari za bima za Marekani. Hapa London mtu akiugua huenda kwa daktari wala haulizwi analipiwa na kampuni gani, kwa hiyo hata mimi nilichelewa kuelewa. Kule wengi hutegemea bima ya kazini, na asiyekuwa nayo hujitafutia kampuni mwenyewe, nazo hubadilisha masharti kila mwaka. Unajua Armelle ana ugonjwa wa sukari na hujidunga dawa kila siku. Mwisho wa mwaka jana kampuni yake ya bima ilijitoa katika eneo lao. Kati ya zilizobaki, moja haikumkubali daktari wake, na nyingine ilikuwa ghali kuliko kodi ya nyumba. Binti wa watu akaanza kujipunja dawa ili isiishe upesi. Tevin aliponiambia hilo nililia, Mama.

Kazini kwa Tevin kuna bima nzuri. Inamchukua mke, lakini mchumba haimtambui.

Basi nisizunguke zaidi. Walioana Januari, katika ofisi ya serikali, mashahidi wakiwa wafanyakazi wawili wa kazini kwa Tevin. Hapakuwa na wazee wala mahari. Alinisihi nisikuambie, ndiyo maana jana nilikwenda kumposa mwanamke aliyekwisha kuolewa. Usinitukane bado.

Nilipoanza hotuba yangu, Mzee Anselme alininyamazisha kwa upole. Alisema anajua yote. Tevin alimpigia kabla ya siku yenyewe kuomba ruhusa. Akasema alimzika mtoto mmoja Bukavu kwa kukosa dawa, na hatamzika wa pili kwa kungojea sherehe. Ila mahari hataki kuizungumza na mimi. Atazungumza na wewe tu, na wewe ukiwa unajua.

Umekuwa ukilalamika kuwa Armelle hakupigii siku hizi. Si maringo. Anasema hawezi kuongea nawe kama mchumba ilhali ni mkaza mwanao. Sasa anajidunga dozi kamili, na sauti imemrudia.

Nisalimie shangazi na majirani wote, na Mungu akutunze. Kasirika unavyotaka, nimestahili, lakini mpigie Armelle wewe kwanza.

Ni mimi mwanao,
Zipporah