Alama za Raundi ya Tatu

Jumatatu, 5 Agosti

Upepo tangu asubuhi. Vumbi kwenye daftari, kwenye chai, kwenye meno. Nimesahihisha insha za kidato cha tatu hadi saa nane. Wote wameandika "Siku Nisiyoisahau". Wengi wangeweza kuisahau bila hasara.

Mzee Mhina, afisa utamaduni, alikuja shuleni. Anataka niwe mwamuzi wa shindano la muziki wa kufokafoka. Vijana wawili wamebaki. Watasimama uso kwa uso, raundi tatu, kila mmoja akimponda mwenzake kwa mistari. Mshindi anapelekwa Dar es Salaam kurekodi kanda.

"Wewe ni mwalimu wa Kiswahili," alisema. "Mimi vijana hawa siwaelewi. Nasikia kelele tu."

Nilikubali. Sipendi kelele. Napenda kupima.

Jumatano, 7 Agosti

Nimewaona.

Saidi ni mtoto wa duka la redio, karibu na soko la hapa mjini. Kofia nyuma mbele. Maneno yanamtoka kama maji ya bomba, na amekwisha kujifunza namna ya kushika kipaza sauti kutoka kwenye kanda za video. Mswahili wa mjini, nikajiandikia.

Yoeli anabeba magunia ya mahindi sokoni Kibaigwa. Kwao ni Kibakwe. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shirika la umma hadi lilipouzwa, kisha akarudi kijijini kulima. Kiswahili cha Yoeli kina Kigogo ndani yake. Anafoka polepole, kama mtu anayepanga mawe. Akisahau mstari anasimama tu, anaangalia dari.

Tumeandika kanuni nne. Ya nne ni yangu: atakayetukana mzazi wa mwenzake anaondolewa. Mzee Mhina aliipenda sana. Nami nilijisikia kama mtu aliyefunga dirisha vumbi lisiingie.

Jumapili, 11 Agosti

Baba yake Yoeli amefariki. Kijana amekwenda Kibakwe kwa lori. Ametuma ujumbe kwamba atarudi kabla ya shindano.

Saidi alikuja mazoezini kama kawaida. Hakusema neno juu ya msiba wa mwenzake. Niliona hana moyo.

Ijumaa, 16 Agosti

Yoeli amerudi. Amekonda. Nilimpa pole na kumwuliza mazishi yalikuwaje.

"Watu walilia tu, mwalimu."

Alisema kama analalamika. Sikuelewa analalamikia nini. Mazishini watu hulia.

Nilimwambia anaweza kujitoa, hakuna atakayemlaumu. Alikataa. Akanionyesha bega lake la kulia, limeota sugu. "Nisipokwenda Dar, mwalimu, nitabeba gunia mpaka mgongo ukatike. Sina njia nyingine."

Namtaka ashinde. Naandika hapa ili nijue. Mwamuzi hatakiwi kutaka.

Jumapili, 18 Agosti

Ukumbi ulijaa mchana kweupe. Waamuzi watatu mezani: Mzee Mhina, Beka ambaye ndiye mpiga disko wa ukumbi, na mimi.

Raundi ya kwanza, Yoeli alisahau mistari. Aliangalia dari. Watu walimzomea. Saidi alimmaliza kwa vina vya kupishana, safi, bila kupumua. Raundi ya pili hivyohivyo, ingawa Yoeli hakusahau. Nilimpa alama alizostahili. Chache.

Raundi ya tatu Saidi alianza. Alivua kofia kwanza. Hajawahi kuivua.

*Mzee wako kafika mbinguni, mlango haujafunguliwa,*
*keshakaa chini, kanyosha mkono, angoja kusaidiwa.*
*Malaika kampa bawa, kalitazama, kalikataa:*
*"Mwanangu, nipe mahindi, bawa halishibishi njaa!"*

Marehemu hana hata wiki moja kaburini. Mzee Mhina alisimama, akapunga mkono, Beka akazima kanda. Mtu akapiga kelele, "Mtoeni huyo mshenzi!" Mwanamke mmoja nyuma, muuza karanga, akajibu kwa sauti kubwa zaidi: "Mwacheni! Mtani huyo! Msibani asipocheka mtani, acheke nani?"

Yoeli alikuwa ameinama. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika goti. Kisha akajibu bila muziki, bila kuangalia dari.

*Babu yako alipita kwetu kabeba pembe, hana kiatu,*
*kaomba maji kwa babu yangu, kanywa, kalala siku tatu.*
*Leo mna duka la redio, mwajiita matajiri wa mjini,*
*yale maji bado yako tumboni, ndiyo yakunenepeshayo, mtani!*

Watu walipanda juu ya viti. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Sikuichukia.

Matokeo hayakutangazwa. Mzee Mhina alisema tukutane kesho ofisini.

Jumatatu, 19 Agosti

Ofisi ya utamaduni, saa nne.

Mzee Mhina: "Kanuni ni kanuni. Saidi atoke, Yoeli aende Dar."

Beka: "Mzee wangu, ukumbi mzima umelipuka, halafu unamtoa aliyeuwasha?"

Kura yangu ndiyo ingeamua. Niliomba vijana waitwe.

Saidi alitueleza kwamba babu yake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, alikuja na misafara akaoa hapa. Wagogo wa hapa wanajua; wengine mjini hawaulizi. Wote wanaitwa Waswahili. Lakini Wanyamwezi na Wagogo ni watani, hilo hata mimi Mpare nalijua. Mtani ana ruhusa ya kumcheka marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika.

"Habari za msiba nilizipata wameshazika," alisema. "Ningekwenda Kibakwe kufanya nini, kulia? Mtani haendi kulia. Na kanuni yenu niliijua, mwalimu. Nilijua mtanitoa."

Nilimgeukia Yoeli. Je, alimtukana baba yako?

"Alimtukana sana." Akatabasamu. "Si ndiyo kazi yake? Kijijini hakuja mtani hata mmoja. Baba tulimzika kama mgeni."

Nikamweleza wazi. Ukisema umetukanwa, unakwenda Dar. Ukisema ni utani, tunajumlisha alama.

Aliangalia sakafu. Saidi alitazama dirishani, hakumsaidia. Hakuna aliyemsaidia.

"Dar naitaka, mwalimu," alisema mwishowe. "Lakini siwezi kumshtaki mtani kwa msiba wangu."

Nikapiga mstari juu ya kanuni ya nne. Nikajumlisha. Raundi ya tatu ni ya Yoeli, kwa mbali. Mbili za kwanza ni za Saidi. Saidi anakwenda Dar.

Vijana walipotoka, Mzee Mhina aliniambia nimemnyima mfiwa riziki kwa ajili ya mila isiyo yangu. Huenda ni kweli. Ningeweza kumpa kile nilichotaka kumpa, na kanuni ilikuwa upande wangu. Ingekuwa rahisi.

Jumanne, 20 Agosti

Vipindi vinne. Umeme umekatika. Nimejaribu kusoma, nimeshindwa.

Namfikiria baba. Alizikwa Same nikiwa mwaka wa pili chuoni. Hotuba nyingi. Kila aliyesimama alimsifu, na mtu waliyemsifu sikumfahamu. Hakuna aliyesema kwamba alikoroma kanisani. Kwamba alificha sukari asiwape wageni. Watani wetu walikuwepo, wamekaa na suti zao. Mchungaji alikuwa amewaomba wasilete mambo yao. Nilisimama wima siku nzima. Watu walinisifu mimi pia.

Angetokea mmoja wa kunichekesha, labda ningelia.

Jumamosi, 24 Agosti

Yoeli alipita hapa nyumbani, kwenye nyumba za walimu shuleni, mchana. "Shikamoo, mwalimu." Tunakaribiana umri, lakini nikaitikia marahaba.

Alikuwa Kibakwe tangu Jumanne. Amemsimulia mama yake yote, hadi bawa la malaika. Mama alicheka, kisha akagomba: mtani amefanya kazi yake na hajalishwa! Ametoa jogoo. Yoeli anampeleka kwa Saidi, wamle pamoja kabla Saidi hajasafiri. Kesho anarudi Kibaigwa, kwenye magunia.

Nilimwuliza kama amenikasirikia.

"Kidogo," alisema. Akafikiri. "Raundi ya kwanza nilisahau mistari."

"Ndiyo. Ulisahau."

"Mwakani sisahau."

Sikumwambia kwamba hatujui kama mwakani kutakuwa na shindano. Nilimpa maji, akanywa, akashukuru, akaondoka na jogoo kwapani. Karibu na geti jogoo alipiga mabawa na kumponyoka. Yoeli akamkimbiza kuzunguka bendera ya shule, suruali imejaa vumbi, akimfokea kwa Kigogo mistari mirefu ambayo sikuelewa hata neno moja.

Nilikuwa mlangoni. Nikacheka kwa sauti. Nilipoingia ndani uso ulikuwa umelowa, nikakaa hivyohivyo mpaka ukakauka.