Damu Isiyoshika Rangi

Ghorofa ya nne, mlango wa mwisho,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Alhamisi, 17 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Shemeji bado anabishana na redio? Mimi ni mzima, na safari hii nalisema neno hilo nikiwa na ushahidi. Usinilaumu kwa kukaa kimya. Nilikuwa na jambo ambalo sikutaka ulijue kabla sijalijua vizuri mwenyewe.

Unakumbuka nilikusimulia kuhusu maabara ya utafiti iliyo ng'ambo ya barabara. Tangu nistaafu ualimu, kila Jumanne asubuhi nilikwenda kutoa kichupa cha damu. Ilihitajika damu ya mtu asiyeumwa, ili ya wagonjwa ilinganishwe nayo. Mtafiti wa pale ni binti mcheshi, nimembandika jina la Mama Barafu kwa sababu kila kitu chake hukaa kwenye barafu. Huniuliza nimelalaje, hunishika mkono akitafuta mshipa, kisha hunipa chai. Siku nyingine za wiki anayenisemesha ni muuza mikate tu, naye hutaja bei.

Mwezi uliopita alipata kingamwili mpya, dawa ya maabara ya kupimia chembe za damu. Nikueleze kwa ufupi: baadhi ya chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, zina kipokezi kwenye ngozi zake, kitu kama pua, kinachonusa kemikali inayoziita mahali pa kukutania. Kingamwili hiyo imefungwa rangi, na hunata kwenye kipokezi hicho peke yake. Mashine ikiona rangi, inajua kipo. Kwenye damu yangu rangi haikuonekana.

Akarudia, patupu. Hakusema ni ugonjwa, ila aliacha utani, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniuliza nina nani wa kunisindikiza hospitali. Nikakutaja wewe. Akafurahi, akauliza unakaa mtaa gani. Nikamwambia ni mtaa wa kufikia kwa ndege.

Wiki ile nilizikunja nguo zangu zote vizuri kabatini, ili atakayekuja kuzitoa asipate taabu.

Jumanne iliyofuata nilimkuta anacheka peke yake. Alikuwa amejaribu damu yake mwenyewe, nayo haikushika rangi.

"Mzee, kumbe sote wawili ni marehemu," akasema. "Kaa tunywe chai, marehemu hawana haraka."

Kosa lilikuwa barafu. Kipokezi hicho huingia ndani ya chembe na kutoka, na kwenye baridi kinagoma kutoka, kwa hiyo kingamwili haipati pa kushika. Maelekezo yaliyokuja nayo yalitaka joto la mwili. Yeye kwa mazoea akaenda moja kwa moja kwenye ndoo yake ya barafu. Tulipojaribu kwenye joto, vitone vya rangi vilijaa upande mmoja wa skrini. Nilimwomba aniache nivitazame kidogo zaidi.

Furaha hiyo haikumaliza kikombe. Wakubwa zake, katika kukagua kosa hilo, waligundua kwamba umri wangu umeshapita ule unaokubaliwa kwa watu wa kulinganishia. Alinieleza akiwa ameushika mkono wangu, bila sindano.

"Damu yako haina kasoro, Mzee. Umri ndio umezidi. Sina la kufanya."

Nikamwambia nashukuru kufukuzwa nikiwa mzima. Akacheka kidogo, kunisaidia.

Juzi, Jumanne, niliamka nikavaa shati la mikono mifupi. Nilikuwa nimeshafika ngazini ndipo nikakumbuka. Nikarudi, nikakaa kitandani na koti langu.

Sikuandikii unihurumie, wala usianze tena habari ya kurudi; hilo tumeshalizungumza. Nina ombi dogo: nipigie simu Jumanne asubuhi. Si lazima uwe na habari. Niulize tu nimelalaje, nami nitakujibu kweli.

Nisalimie shemeji, mama mdogo, na yule mjukuu wako Mashavu ambaye ananijua kwa picha tu. Mungu akuondolee maumivu ya goti na awaweke nyote karibu karibu.

Akupendaye bila kupungua,
Kaka yako