Maiki Tuliyoitoa Siku Yako

Mama yetu Tabby Murugi Kingori, mzee wa kanisa, Karatina.

Mwaka umetimia wiki hii, Mama, tangu tukulaze shambani kando ya kahawa yako, na bado hatujakuomba msamaha.

Sokoni wanakukumbuka kwa karoti. Ulipanga zile ndogo juu ya debe na kubwa chini, wenzako wakacheka kwamba utalala njaa. Hukulala njaa. Ulitusomesha sote wanne, na kila Jumapili ulifika kanisani kabla ya mhubiri, ukafuta viti.

Lakini kazi yako hasa ilikuwa mazishi. Wewe ndiye uliyeongoza ratiba na kushika maiki, umeifunga kitambaa cheupe kwa sababu, ulisema, inanuka uongo wa mazishi yaliyopita. Sheria yako ilijulikana hadi Sagana: mwanasiasa atasimama chini kama watu wengine, ataje jina lake na anakotoka, akae. Tulipomzika Mzee Muriithi, mheshimiwa mmoja alinyoosha mkono achukue maiki. Uliivuta nyuma ukamwambia taratibu, "Mheshimiwa, leo tuko na mtu moja tu ya kuongelewa, na ako kwa sanduku." Alikaa.

Ukiwa mgonjwa kitandani ulituagiza: "Siku yangu, hiyo maiki msipatie mwanasiasa." Sote tuliitikia.

Siku yako tulimpa. Anayeandika haya ni mimi Anita, kitinda mimba wako, na ilikuwa kwa sababu yangu. Nilikuwa nimekaa nyumbani miaka sita na cheti cha ualimu. Asubuhi ya mazishi, mheshimiwa yule yule alimvuta kaka Mathenge kando akamwambia kwamba nafasi ya mwalimu ipo, na kwamba angependa kusalimia watu. Mathenge akanitazama. Nikainamisha kichwa, na hiyo ikatosha.

Aliongea dakika arobaini. Aliwatukana wapinzani wake huku ameegemea jeneza lako, kisha akasema eti ulikuwa mtu wake toka mwanzo. Mhubiri akasema amina. Jirani yetu Afande Wasike, uliyemfundisha kupika irio alipohamishiwa huku, aliinuka akaenda zake bila kungoja chakula. Sisi watoto wako tulipiga makofi.

Barua ya kazi ilikuja mwezi uliofuata. Nafundisha huko Kenol, na somo nililopewa ni dini. Tukifika kwenye mada ya kusema ukweli, nawaambia wanafunzi wasome wenyewe, kimya.

Sasa mheshimiwa ametuma mtu. Anasema atakuja Jumamosi kwenye ibada ya kumbukumbu yako, ataleta hema, na ataongea kidogo tu. Mjumbe hakusahau kunikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha Desemba. Naogopa, Mama. Tumebishana siku tatu hapa nyumbani. Mathenge alisema tunyamaze mara hii moja tu, halafu akaanza kulia, na ulijua jinsi asivyolia ovyo.

Hema tumelikataa. Ibada ni saa nne asubuhi, hapa nyumbani, na maiki nitaishika mimi. Ninyi nyote mnaosoma mnakaribishwa, mwenye cheo na asiye nacho. Atakayetaka kusalimia atasimama chini, ataje jina lake na anakotoka, akae.

Tunaokukumbuka ni mume wako Mzee Kingori, watoto wako Mathenge, Gathogo, Dedan na Anita, wajukuu wako, akina mama wa soko la Karatina, na Afande Wasike, ambaye amekubali kurudi.

Hatukukusahau, Mama, hata siku ile tulipojifanya tumesahau. Kitambaa chako nimekipata kabatini. Nimekifua, kinakauka.