Pazia Golini

Jumatatu, 4 Machi

Naandika ili nitulie. Meneja amepita mezani kwangu mara mbili leo asubuhi na sijui kwa nini. Labda alikuwa anatafuta kalamu. Labda barua yangu ya kuthibitishwa kazini iko tayari — au haipo na haitakuwepo. Majaribio yanaisha mwisho wa mwezi huu.

Saa ya chai mazungumzo yalikuwa yale yale: Mwewe. Jana wametoka sare na timu ya mkiani. Hapa ghalani wote ni Radi, watani wao, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini, na hakuna Jumatatu tamu kama ile ambayo Mwewe wameteleza. Radi wenyewe jana walishinda. Hakuna aliyelitaja hilo.

Redio alisimulia mchezo mzima akiwa amekalia ndoo ya rangi, ingawa hakuuona. Yeye ni afisa mauzo. Jina amepewa kwa kuwa hana swichi ya kuzimia. Alimpigia shemeji yake, shabiki wa Mwewe, kumpa pole. Shemeji akakata. "Nikampigia tena," anasema, "nikamwambia, shemeji, kukata simu si kufunga bao."

Nilicheka. Siku hizi nacheka vizuri, kwa wakati, si wa kwanza wala wa mwisho. Siku ya usaili meneja alifunga faili langu akauliza swali moja la ziada: kijana, wewe ni Radi au mtani? Nikajibu Radi, tangu tumboni. Hilo la tumboni sijui lilitoka wapi. Tumboni mwa mama yangu palikuwa na Mwewe mtupu. Baba alikuwa kipa wao.

Jumanne, 5 Machi

Leo wamelifikia bao lenyewe. Nilijua watalifikia. Jumapili ya wiki ijayo ni Radi na Mwewe, na wiki kama hizi lazima lile bao lifukuliwe.

Mvua, fainali, dakika za majeruhi. Beki wa Radi anaupiga mpira kutoka katikati ya uwanja, anaubutua tu, kuokoa muda. Mpira unapaa, unadunda mara moja, unaingia wavuni. Kipa amesimama anauangalia. Kesho yake mji mzima ukamwita Pazia, kwa sababu upepo ulipita naye akapepea tu. Hilo ndilo jina lililobaki. Jina lake la kwenye vyeti hakuna anayelijua, na ndiyo maana nipo salama.

Kila mtu hapa alikuwepo uwanjani siku hiyo, hata wale ambao kwa umri wao walikuwa bado mgongoni. Meneja anasema Pazia alikuwa anafunga kamba za kiatu. Redio anasema hapana, alikuwa anabishana na shabiki nyuma ya goli kuhusu dada yake. Dereva aliteremsha sauti: "Alikula hela yule. Mtu haangalii mpira hivyo bure."

Mimi niliinuka kwenda kuosha kikombe changu.

Sijawahi kumuuliza baba. Nyumbani kwetu lile bao ni kama mgonjwa wa chumba cha ndani. Tunapita mlangoni kwa ncha za vidole.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kumbe wana mchezo wao. Kila mechi ya watani inapokaribia wanaliigiza lile bao ghalani, na mfanyakazi mpya kuliko wote ndiye Pazia. Mfanyakazi mpya ni mimi. Wamesokota mpira wa karatasi na utepe wa gundi, wamepanga ndoo mbili kuwa nguzo. Nikasema sijui mpira. Meneja akasema ndiyo sifa ya kwanza ya Pazia.

Nilikusudia kusimama tu kama gogo, yaishe. Lakini mpira ulipopaa mwili wangu ulijua la kufanya. Goti la kushoto likakunjika kwanza. Mikono ikapanda na kusimama kifuani, viganja nje. Nimemwona baba akisimama hivyo maisha yangu yote — akidaka embe, akidaka sabuni, akinidaka mimi. Mpira ukapita juu yangu, nikageuza shingo taratibu kuufuata.

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Redio alishika tumbo akisema huyu si mtu, huyu ni kanda ya video. Dada mhasibu, ambaye hucheka kwa mwezi mara moja, alifuta machozi. Meneja alinipiga mgongoni: "Kijana, hiki kipaji umezaliwa nacho."

Nikasema asante, mzee. Nilisema asante.

Na nitaandika hili kwa sababu hakuna atakayelisoma: nilifurahi. Kwa dakika nzima nilikuwa mtu wa pale.

Ijumaa, 8 Machi

Dereva ameleta habari. Pazia yu hai. Dereva alipeleka gari la kampuni kushonewa kiti, na fundi aliyekishona — vidole vimepinda, mrefu, kimya — sura yake haikuwa ngeni kwake. Njiani kurudi ndipo akakumbuka picha ya zamani gazetini.

Redio hakumalizia hata chai. Jumamosi ya wiki ijayo ni siku ya michezo ya kampuni, mkesha wa mechi. Wateja watakuwepo, mawakala, familia. Tumwite! Asimame golini, wateja wapige kutoka katikati ya uwanja mmoja mmoja, atakayefunga apate zawadi. Meneja akafikiri, akacheka polepole, akakubali.

Dada mhasibu akauliza, huyo mzee atajua anaitiwa nini? Redio akasema, dada yangu, utani wa jadi haujawahi kuua mtu. Meneja akasema atapewa kikombe na ndoo mbili za rangi, aipake nyumba yake. Si watu wabaya. Hilo ndilo linalonisumbua, si watu wabaya hata kidogo.

Pale palikuwa na nafasi ya kusema. Kama mlango ulioachwa nusu. Nilihesabu hati za kupokea mzigo ambazo nilikwisha kuzihesabu.

Jumapili, 10 Machi

Baba amealikwa. Alitwambia mezani, akiwa ameosha mikono vizuri kuliko kawaida. Dereva wa kampuni moja alipita karakana kumwomba. Kampuni ya rangi. "Ya kwako," akanitazama, "kumbe dunia ndogo." Wamemtaka asimame golini kidogo mbele ya watu. Wanamkumbuka.

"Kila siku, amesema. Ofisini pale wananitaja kila siku."

Akarudia hilo baadaye akiwa anatafuta chumvi. Kila siku.

Baba alipotoka kwenda uani, mama aliinuka. Kisha, huku akikusanya vyombo: "Wanamkumbuka kwa lipi?"

Nikasema, kwa udakaji, mama.

"Wewe ungeniambia kama ni lingine."

"Ningekuambia."

Alinitazama. Mama ana macho ya kupimia nguo kabla ya kuikata. Kisha akachukua sufuria akaondoka nayo, na mimi nikabaki na ule uongo mdomoni kama punje iliyokwama jinoni.

Jumanne, 12 Machi

Baba anafanya mazoezi. Kabla ya kwenda kazini anaruka kamba uani, goti limefungwa kitambaa. Anaruka mara chache, anashika ukuta, anajifanya anatazama kuta kama zina nyufa. Jirani alimwuliza anajiandaa kwa harusi gani. Baba akamjibu kwamba hata kisu kikuukuu kikinolewa kinakata nyama.

Sijala vizuri tangu juzi. Kazini nimepeleka rangi nyeupe kwa aliyeagiza ya kijivu. Meneja alisema si neno, akili yako ipo kwenye mechi, wote ndivyo tulivyo.

Nifanye nini? Nikimwambia baba, namvunjia furaha ambayo sijawahi kuiona usoni kwake. Nikimwambia meneja, najitangaza kuwa mwongo wa miezi mitano na mtoto wa Pazia kwa pamoja. Nikinyamaza —

Nikinyamaza nayajua yatakayotokea. Nayaona hata nikifumba macho.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda karakana baada ya kazi. Nimeamua, nikajiambia njiani. Nimeamua, nimeamua.

Baba alikuwa ndani ya gari la watu, amelala chali, anavuta uzi chini ya kiti. Miguu tu nje. Nikaongea na miguu. Nikasema: baba, kuhusu Jumamosi. Akasema nipe koleo. Nikampa. Nikasema, pale kazini watu wanaongea mambo mengi kuhusu lile bao.

Miguu haikutikisika. Uzi uliendelea kuvutwa.

"Wanasemaje?"

Nikamwambia la kamba za kiatu. Nikamwambia la shabiki wa nyuma ya goli na dada yake, akacheka kwa pua. La hela nilishindwa, lakini alilimalizia mwenyewe: "Na kwamba nilikula hela." Nikasema ndiyo.

Akatoka chini ya kiti, akakaa mlangoni mwa gari, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

"Nilidhani unatoka," alisema.

Nilidhani kuna zaidi.

"Ndiyo hivyo. Niliuona tangu unapigwa. Nikasema huu unatoka nje, nisijichoshe. Haukutoka." Akauangalia ule uzi mkononi. "Nimelifikiria miaka yote, hakuna kingine ndani yake."

Basi. Mji mzima una hadithi, na mwenye hadithi ana sentensi moja.

Hapo ndipo ningesema. Neno lilikuwa tayari — wanakuita wakucheke, baba. Lakini aliendelea yeye. Akasema hakumwambia yule dereva kwamba ana mtoto pale. "Huyo ni mtu mzima, nikasema moyoni. Ana kazi yake na sababu zake. Akitaka watu wajue mimi ni nani, atasema mwenyewe."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekukabidhi funguo za nyumba.

Kisha akaingia tena chini ya kiti, nami nikarudi nyumbani na maneno yangu yote.

Ijumaa, 15 Machi

Nilikwenda kwa meneja kabla ya chai. Nilibisha hodi, akaniambia ingia, nikaingia, na kabla sijafungua mdomo akaonyesha karatasi juu ya meza. Barua yangu. Atasaini Jumatatu, alitaka tu nijue, nilale vizuri.

"Na kesho nakuhitaji. Redio ana wazo zuri sana."

Wazo la Redio: kwanza niingie golini mimi, niliigize bao kama nilivyofanya ghalani, wateja wacheke, wachangamke. Halafu aitwe mwenyewe. Mimi ni Pazia Mdogo, yeye Pazia Mkubwa. Wamekwisha kunitengenezea jezi. Imeandikwa mgongoni.

Nikasema: mzee, huyo fundi ni mtu mzima.

Meneja akasema ndiyo maana tunampa kikombe. Akanitazama vizuri zaidi. "Una wasiwasi gani?"

Nikasema sina, mzee.

Nje, dada mhasibu alikuwa anasubiri zamu yake ya kuingia. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema joto. Akasema leo hakuna joto.

Jumamosi, 16 Machi

Naandikia ndani ya gari la kampuni, kando ya uwanja. Vioo nimevipandisha. Jezi nimeivaa, juu yake koti.

Watu wamejaa. Mawakala wamekuja na wake zao, watoto wanakimbizana na maputo. Redio ana kipaza sauti na hakuna wa kumnyang'anya. Anazisimulia mechi za Mwewe moja baada ya nyingine, vipigo tu, na watu wanaitikia kila anaposema ngapi. Nusu yao, naona, wanaitikia wakicheka kwa wakati, si wa kwanza wala wa mwisho. Huenda wapo wengine kama mimi humu. Sikuwahi kulifikiria hilo.

Baba alifika mapema, peke yake. Mama amekataa kuja. Baba amevaa fulana yake nyeusi ya zamani, imembana tumboni, na glavu amezishona upya mwenyewe kwa ule uzi wa viti. Nilikuwa nimesimama na meneja alipokuja kusalimia. Alimpa meneja mkono. Akampa Redio. Akanipa na mimi, mkono ule ule, kwa nguvu zile zile.

"Habari ya kazi, kijana," akaniambia.

"Nzuri, mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Akaenda golini. Nikaja kujifungia humu.

Meneja alimwambia dereva, nimesikia kupitia dirisha kabla sijalifunga, kwamba mzee mwenyewe ni mtaratibu mno, sivyo alivyomtarajia. Dereva akasema pesa ya kuuza mechi huwa inamtuliza mtu. Wakacheka, lakini meneja alicheka kidogo.

Sasa baba anajinyoosha. Anapiga hatua kutoka nguzo hadi nguzo, anaugusa mtambaa wa panya juu yake kwa ncha za vidole, anarudi. Watu wameanza kumnyooshea vidole. Mtoto mmoja amemrushia mpira, ameudaka kwa mkono mmoja bila kuangalia, na upande ule kelele zimepungua.

Wananiita. "Pazia Mdogo! Yuko wapi Pazia Mdogo?" Redio anawafundisha wateja kuita pamoja. Dada mhasibu anakuja huku kwenye gari, haendi haraka.

Nimevua koti. Mlango nimeufungua, mguu mmoja upo chini.

Baba ameacha kujinyoosha. Amesikia jina. Amesogea mpaka kwenye nguzo ya kushoto, ameshikilia hapo, goli lote ameliacha wazi kama mtu anayempisha mwenzake — na anatazama ni nani atakayeshuka. Naweka kalamu, nashuka.