Gridi Niliyoikunja

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimemaliza! Gridi ya vituo elfu tatu na mia nane nimeikunja kwenye kompyuta, vimebaki tisini. Hesabu iliyokula asubuhi nzima sasa inajibu kabla chai haijapoa. Ijumaa wanazima laini kuu ya kaskazini kwa matengenezo. Laini ya zamani itabeba mzigo wote. Modeli inasema asilimia themanini na mbili ya uwezo wake. Salama. Nimetia saini. Bosi kaniita Mkasi mbele ya watu – nikaenda kantini kifua mbele.

Jumanne, 15 Oktoba
Dada kapiga simu. Upasuaji ni Ijumaa, saa tatu asubuhi. Eti mwenye uvimbe ni yeye, anayekonda ni mimi. Hospitali yake iko kaskazini.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimerudia data za kaskazini, kujiridhisha tu. Ni za Aprili! Wakati wa mvua! Kule kuna mtambo mdogo wa umeme wa maji. Nilipokunja, niliutoa umeme wake kwenye mzigo wa eneo zima, ikabaki namba moja, nzuri, safi. Mtambo wenyewe hauonekani tena popote. Nimempigia msimamizi wake. Akacheka – mto umebaki mawe, mama, tumezima tangu Agosti.
Nimekokotoa upya. Asilimia mia na kumi na nne.
Mjinga mimi.

Alhamisi, 17 Oktoba
Bosi hataki kusikia. Vibali vimetoka, mafundi wako njiani, laini itavumilia kwa muda. Muda gani? Akafungua faili jingine. Nikamtaja dada – kosa! Akanionea huruma: hiyo ni hofu ya familia, Mkasi, si ya umeme. Nilitamani kumrushia rula. Hospitalini nako nesi kasema jenereta ipo, huwaka ikijisikia.

Ijumaa, 18 Oktoba
Saa tatu kasoro dakika tano. Niko chumba cha udhibiti; laini kuu inazimwa saa tatu kamili. Dada ameshaingizwa. Bila saini ya mchambuzi laini haizimwi, ndiyo kanuni, na mchambuzi ni mimi. Nimeikata saini yangu kwa kalamu nyekundu, mbele ya mwendeshaji. Bosi anajua? kauliza. Bado, nikasema. Kampigia. Naandika nikisubiri. Anaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, huku anaitazama ile karatasi. Nani atajibu kwa hili? ananiuliza. Mimi, nimesema.
Ananinyooshea simu, swichi hajaigusa. Saa tatu kamili. Laini kuu bado ina umeme –