Ukumbi Aliojenga Mzungu Akiwa Ameketi

Khamisa, nimetoka sasa hivi kwenye ufunguzi wa ule ukumbi wetu wa zamani wa michezo, baada ya kukarabatiwa.

Mheshimiwa mmoja amesimama akasema D.O. mzungu, yule afisa wa wilaya wa enzi za ukoloni, aliujenga mwaka wa hamsini na tatu "kwa mikono yake mwenyewe". Mikono yake! Ile iliyoshika kikombe cha chai tu!

Hata jina lake wamelichonga kwenye jiwe la mlangoni.

Mawe yale yalibebwa na mama zetu kwa mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana, kikundi kwa kikundi, migongoni, wakiimba. Mama yako alikuwa amefunga Ramadhani, na bado alitupikia sisi watoto uji. Ukumbi ulipokwisha, wanaume wakachezea ngumi humo, mama zetu wakaambiwa wachungulie dirishani.

Nikasimama nikamweleza hayo yote. Akacheka, akaniita nyanya kwa Kikamba: "Susu, keti, umechoka."

Kwa mikono yake mwenyewe, Khamisa!

Basi nikatembea polepole hadi mlangoni, nikavua leso yangu ya begani, nikalifunika lile jiwe, jina lote. Wanawake wakapiga vigelegele.

Nimerudi nyumbani bila leso. Mheshimiwa nimemwacha akiitazama, na hakuna aliyethubutu kuigusa.