Maneno Mia na Kumi na Mawili

Dada yangu mpenzi,

Natumai goti limepoa na wanao hawakusumbui. Mimi mzima, bado napiga pasi mashuka ya hospitali kutwa nzima.

Lile darasa la Kiingereza la jioni sijaliacha. Kila mwezi mwalimu anatukalisha mmoja mmoja, anatuzungumzisha huku simu ikirekodi, naye anahesabu kwa kalamu maneno tofauti tuliyotumia. Mwezi wa kwanza nilikuwa nayo kumi na tisa tu, na "sorry" peke yake nililisema mara thelathini! Usicheke. Juzi nimefika mia na kumi na mawili.

Siku hiyo aliniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Kwa lugha yetu, unanijua, ningempiga chenga: shughuli zimembana, yuko safarini, atarudi Mungu akipenda. Kwa Kiingereza maneno ya kuzungukia sina. Nikajibu kwa yale niliyokuwa nayo: mume hayupo, kabati tupu, miezi minne. Mwalimu akaweka kalamu chini kwenye mia na kumi na mawili, asihesabu tena.

Nilirudi nyumbani na aibu. Si aibu ya kuachwa, hiyo nimeshaizoea, ila ya kumwambia mtu baki kabla yako. Zile salamu za shemeji yako nilizokuwa nikikuletea katika kila barua, dada, nilikuwa nazitunga mwenyewe.

Safari hii anakusalimu mtu mmoja tu,

Mdogo wako.